Gari Lililoinuliwa na Barabara ya Lami

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata, wamiliki wa magari na madereva



Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikafika Tura, kisha ikaingia Tabora. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Leo lami inatoka Itigi, inapita Chaya na Tura hadi Tabora. Nyingine imekwenda Urambo, na nyingine Sikonge, Ipole na Koga hadi Mpanda. Tope halijaisha, lakini limerudi nyuma hadi kwenye barabara za vijiji. Magari mengi ya forwili yaliyoinuliwa springi na kuvikwa matairi mapana kwa ajili ya tope hilo sasa yanamaliza sehemu kubwa ya safari zake juu ya lami, kwa mwendo ambao tope halikuuruhusu kamwe. Hatari inayozungumzwa hapa imezaliwa na mabadiliko hayo.

Haki itendeke kwanza. Aliyeinua gari lake hakufanya hivyo kwa maringo tu, ingawa wenye maringo wapo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mbuga za udongo mweusi hugeuka ugali. Katika miombo kuna visiki, na kwenye vivuko vya vijito kuna kingo zinazokwangua bampa. Gari refu hupita mahali ambapo gari fupi hukaa. Hata hivyo, wengi hulipa fedha bila kujua wanachonunua. Springi ndefu huinua bodi na chasisi. Haziinui difu. Katika gari lenye ekseli nzima, kama Land Cruiser Hardtop, difu limefungwa kwenye ekseli, na ekseli inategemea tairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake, tena kwa nusu ya ongezeko lake. Tairi ya 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. Ya 285/75R16 ina milimita 834. Tofauti ni 57 kwa hesabu hiyo, na difu hupanda chini ya sentimita tatu. Kisiki kilichokuwa kinaligonga difu jana, huenda kikaligonga na leo.

Gharama yake inaonekana kwenye kona. Gari husimama imara kwa uhusiano wa vitu viwili: upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, na urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini. Tuseme upana huo ni sentimita 150 na kitovu cha uzito kiko sentimita 75 juu ya barabara. Nusu ya upana ikigawanywa kwa urefu huo, jibu ni 1. Kitovu kikipandishwa sentimita 8, jibu linashuka hadi 0.9. Kwa maneno mengine, nguvu ya pembeni inayotosha kulipindua gari imepungua kwa sehemu moja katika kumi, kabla hata ya kupakia kitu. Kisha hupandishwa magunia kwenye keria, na juu ya magunia hukaa watu watatu. Kwenye tope, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hakuna atakayeiona tofauti hiyo. Kwenye lami, ng'ombe anapokatiza ghafla na dereva akavuta usukani kwa kilomita 90, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gari litarudi kwenye mstari au litalala ubavu.

Usukani nao hubadilika. Yeyote anayejua baiskeli ameona kwamba uma wa mbele haukusimama wima. Umelala kidogo kuelekea nyuma, na kwa sababu hiyo baiskeli hujinyoosha yenyewe hata mikono ikiachia. Gari lina ulalo wa namna hiyo kwenye gurudumu la mbele. Ekseli ya mbele inayoshikwa na mikono mirefu huzunguka kidogo bodi inapoinuliwa, na ulalo ule hupungua. Matokeo yake ni gari linaloyumbayumba, linalohitaji kusahihishwa kila mara, na dereva huchoka kabla ya kufika Ipole. Dawa ipo: bushi maalumu za kurudisha ulalo, pamoja na kupima upya mwelekeo wa magurudumu. Dawa hiyo ndiyo inayorukwa fedha zinapokwisha. Kwa magari ambayo kila gurudumu la mbele lina mkono wake, tatizo huhamia kwenye joint za shafti za mbele: hukunjwa kupita pembe yake, mpira unaozifunika huchanika, grisi hutoka na vumbi huingia. Paipu za mpira za breki hazina budi kuangaliwa pia, maana gurudumu linaponing'inia korongoni, paipu fupi huvutwa kama kamba.

Kuhusu matairi mapana, imani ya vijiweni ni kwamba mapana hushinda tope. Kwenye mchanga hilo ni kweli, hasa upepo ukipunguzwa. Kwenye mbuga inategemea. Ikiwa chini ya utelezi kuna udongo mgumu, tairi nyembamba hukata na kuufikia, ilhali pana huelea juu na kuteleza. Aidha, tairi kubwa ni nzito zaidi, beringi huchoka mapema, na kwa kuwa kipenyo kimeongezeka, breki ileile hutoa nguvu ndogo zaidi barabarani; katika mfano wa hapo juu, karibu asilimia 7. Tairi inayotokeza nje ya bodi hurusha mawe na tope pembeni. Na pembeni mwa barabara za Tabora, kila mtu anajua, kuna mtu wa baiskeli mwenye gunia la mkaa.

Kuna jambo moja ambalo madereva hulipokea kwa masikitiko. Tairi ikikua, mshale wa mwendo hudanganya. Kwa matairi yale yale ya mfano, mshale ukionyesha 50, gari liko karibu 54. Ukionyesha 80, liko karibu 86. Askari mwenye tochi mwanzoni mwa makazi ya watu hasomi mshale wa dereva. Hesabu ya kilomita nayo hupungua, hivyo oili inayobadilishwa kila kilomita 5,000 huwa imekwenda zaidi ya 5,350.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, haimruhusu mtu kutumia barabarani gari lililo katika hali ya kuhatarisha wengine, na inampa askari mamlaka ya kulisimamisha na kulikagua. Fundi kumwambia mteja kwamba “wote wanafanya hivi” si kibali. Kadi ya gari inayotolewa na TRA ina maelezo ya gari lilivyo. Kinachobadilika katika maelezo hayo hutolewa taarifa. Katika majimbo kadhaa ya Australia, nchi yenye mazoea ya siku nyingi ya kuinua magari ya aina hii, ongezeko la kipenyo cha tairi linaloruhusiwa bila cheti cha mhandisi ni milimita 50. Mfano uliotolewa hapa umeshapita hapo.

Bima ndipo maumivu hujificha. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa maelezo aliyotoa mwenye gari. Mwenye bima kubwa aliyeinua gari bila kuiarifu kampuni anaweza kujikuta, baada ya ajali, akibishaniwa madai yake huku gari likiwa mabati. Barua moja kabla ya kazi kuanza hugharimu nauli ya kwenda mjini tu.

Yote haya yanawahusu hata wasio na gari. Mama mjamzito anayetolewa zahanati ya kijiji usiku kupelekwa Kitete mara nyingi husafiri katika gari la jirani, si la wagonjwa. Jirani huyo ana haki ya kuinua gari lake ili lipite kwenye kijito. Mama naye ana haki ya kufika. Anayetaka kuinua na abaki ndani ya sentimita tano, arudishe ulalo wa usukani, abadilishe paipu za breki, na arekebishe taa za mbele, kwani gari likipanda mwanga nao hupanda na kumpofusha anayekuja. Mzigo mzito ukae sakafuni, kati ya ekseli mbili. Keria ibebe vyepesi. Na baada ya kilomita 500 za kwanza, gari lirudi gereji kukazwa nati upya, kwa sababu springi mpya hukaa, na nati zilizokazwa siku ya kwanza hulegea.