Nyumba Isiyo na Mlango: Nasaha Juu ya Vipindi vya Vijana Wanaoishi Pamoja

Sifa zote njema zinamstahikia Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, swahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ammaa ba'd.

Ndugu zetu katika imani,

Nasaha hii imetokana na suali tuliloulizwa na wanafunzi wetu wakubwa baada ya darasa la Maghribi. Walikuwa wakizungumzia vipindi ambavyo vijana wa kiume na wa kike huwekwa katika nyumba moja, maisha yao yakarikodiwa na kuoneshwa watu. Mmoja wao akasema: "Ustadhi, vile vya Wazungu ubaya wake tunaujua. Lakini wale Wajapani wana haya na hawatukanani. Ubaya wao uko wapi?" Hatukumjibu kwa ukali, kwani suali lake ni la haki.

Ni kweli kwamba kila watu hukivisha kipindi hiki vazi la mila zao. Marekani ilianza mwaka 1992 kwa The Real World, vijana saba katika nyumba moja ya New York, na ugomvi wao ukawa ndio kivutio. Uholanzi mwaka 1999 ikaleta Big Brother: washiriki wanafungiwa, kamera haziwaachi usiku wala mchana, na watazamaji wanapiga kura kumtoa mmoja mmoja hadi abaki wa kupewa fedha. Mwaka 2003 nyumba kama hiyo ikafunguliwa Afrika Kusini kwa vijana 12 wa nchi 12, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka huo huo wabunge wa Malawi walipiga kura kisioneshwe katika televisheni ya taifa. Mwaka 2007 mshindi alitoka Tanzania, akachukua dola 100,000.

Waarabu nao walijaribu. Mwaka 2004 kituo cha MBC kilifungua nyumba Bahrain. Wanawake walitengewa sehemu yao ya kulala, na mahali pa kuswalia pakawekwa, ila sebule ikabaki ya wote. Watu wakaandamana, na kipindi kikasimamishwa siku chache tu baada ya kuanza.

Ama Wajapani, kipindi chao cha Terrace House, kilichoanza mwaka 2012, kiliwaweka wanaume watatu na wanawake watatu. Hakuna aliyefungiwa, hakuna kura wala zawadi. Walikwenda kazini wakarudi, wakapika, wakala, wakazungumza kwa upole. Lakini pembeni liliwekwa jopo la watu wa kuwajadili: nani kakosea, nani ana tabia gani.

Basi tofauti zipo, na haya ni jambo jema popote ilipo. Hata hivyo, chini ya mavazi hayo yote kuna bidhaa moja inayouzwa, nayo ni sitara ya mwanadamu. Tuizingatie Suratun-Nuur, aya ya 58. Allaah ametaja nyakati tatu za faragha: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Isha. Katika nyakati hizo hata mtoto mdogo wa nyumbani hufundishwa kubisha hodi. Jee, mgeni aliye maelfu ya maili, anayeingia chumbani kwa watu bila ya hodi, hali yake ikoje? Nyumba ya Bahrain iliwekewa kuta baina ya wanaume na wanawake, lakini haikuwa na mlango baina yao na ulimwengu.

Na upole haukuwaokoa Wajapani. Mshiriki mmoja, Hana Kimura, mwanamiereka wa miaka 22, alioneshwa akimkasirikia mwenzake aliyeharibu vazi lake la mieleka katika kufua. Ni ugomvi wa ndani ambao katika nyumba yoyote ungeisha kabla ya chakula cha usiku. Watazamaji wakamshambulia kwa maneno mitandaoni, na mwezi wa Mei 2020 akajitoa uhai. Kipindi kikafungwa. Mtu mmoja aliyemtukana alitozwa faini ya yeni 9,000, na mwaka 2022 Japani ikaongeza adhabu ya kosa la kutusi, hata kifungo cha mwaka mmoja.

Ndugu zetu, waliomuumiza hawakuwa ndani ya nyumba ile. Walikuwa makwao, simu mkononi, kama sisi. Suratul-Hujuraat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya, upelelezi na usengenyaji kwa mpangilio huo, na kumfananisha msengenyaji na anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Nasi tukiri: tumesikia katika baraza za misikiti yetu washiriki wa vipindi hivi wakijadiliwa kwa majina, na tuliketi tukasikiliza. Tulimlaumu mwenye nyumba, tukamsahau anayechungulia.

Basi wazazi, msitosheke na kuzima televisheni, kwani simu iko mfukoni. Wafundisheni watoto hodi, na wafundisheni kwamba aibu ya mtu ikiwafikia, ikomee kwao wala wasiisambaze. Na sisi walimu tuanze na ndimi zetu.

Tunamuomba Allaah azisitiri aibu zetu, azihifadhi nyumba zetu na awaongoze vijana wetu. Aamiin. Wabillaahi tawfiiq.