Mgeni Alale Wapi?



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asiyeonyeshwa pa kulala hujichagulia mwenyewe, na hapo mwenyeji hakosi kuumia.

Uskoti imeyaona hayo. Mwaka 2015 ilitangazwa njia ya watalii iitwayo North Coast 500, inayozunguka kaskazini mwa nchi hiyo kwa takriban kilomita 830. Magari-nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, yakamiminika katika barabara nyembamba za vijijini. Mengine yalilala kwenye sehemu za kupishania magari, na wenyeji wakalalamikia uchafu wa vyoo uliomwagwa ovyo.

Marufuku pekee humhamisha mgeni, haimpi pa kulala. Ndiyo maana mwaka 2021 idara ya misitu ya huko ilianza kuyaruhusu magari yenye choo chake kulala katika baadhi ya maegesho yake: usiku mmoja tu, tangu saa 12 jioni hadi saa 4 asubuhi. Nchini Ufaransa, vijiji vingi hutenga kiwanja chenye bomba la maji na mahali pa kumwagia maji machafu. Msafiri naye hununua mkate dukani kijijini.

Kijiji kinachotaka wageni wa namna hii na kiamue mapema, katika mkutano wake, mambo manne: kiwanja kilicho mbali na chanzo cha maji, mahali pa kumwaga uchafu, saa za kuingia na kutoka, na ushuru wenye stakabadhi. Kisima kikishachafuka, hakuna ushuru utakaokisafisha.