Njia ya miguu Rongai ni haki, si mapambo



Wacha nianze na shangazi yangu. Anatumia kiti cha magurudumu. Ijumaa moja baada ya mvua nilikuwa namsukuma kwenda msikitini. Tulipofika kando ya Magadi Road, mbele yetu boda boda zimeegeshwa, kushoto mtaro uko wazi, kulia matatu zinapita mbio. Tukashuka barabarani, manake hapakuwa na pengine pa kupita. Dereva akatupigia honi kana kwamba sisi ndio wakosaji. Shangazi akaniambia kwa sauti ya chini, "Nirudishe nyumbani, mwanangu." Khutba aliyoingoja wiki nzima ikampita.

Watu wa Nairobi hututania eti Rongai ni diaspora. Tunacheka nao, sawa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu hapa zaidi ya watu 170,000. Huu ni mji, na mji ambao mtu hawezi kuutembea kwa usalama bado haujakamilika.

Utasikia mtu akisema njia nzuri ya miguu ni urembo, tungoje barabara za magari ziishe kwanza. Mwambie hivi: Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali bila vizuizi visivyo na sababu. Na Jedwali la Nne linaweka barabara za kaunti na taa za barabarani mikononi mwa kaunti. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Kwa hivyo kabla hujalalamika, uliza kwanza: hii barabara ni ya nani? Ukikosea ofisi, utazungushwa hadi uchoke.

Na inawezekana. Mnaijua Luthuli Avenue pale Nairobi, mtaa wa redio na simu. Mwaka 2019 kaunti ikishirikiana na UN-Habitat iliufanya wa magari ya upande mmoja, ikapanua njia za miguu na kupanda miti. Ni mtaa wa biashara uliojaa watu, kama wetu tu.

Sasa, tusiende kusema tu "tunataka barabara nzuri". Tuseme tunachotaka kwa kipimo. Viti viwili vya magurudumu vikipishana vinahitaji karibu mita 1.8. Mteremko wa kupandia uwe wa taratibu: kila sentimita 1 ya kwenda juu, sentimita 12 za urefu. Mitaro ifunikwe. Taa ziwake, ili dada anayerudi usiku kutoka kazini aone anakokanyaga. Na vizuizi viwekwe, boda boda na magari yasipande juu.

Halafu kuna jambo ambalo lazima tuliseme wazi. Mara nyingi "kupendezesha mji" huanza na askari wa kaunti kumwaga nyanya za mama mboga. Hatutaki hivyo. Yule mama naye ana watoto shuleni. Mchoro umtengee nafasi yake tangu mwanzo, na yeye mwenyewe aulizwe kabla ya simenti kumwagwa. Haki ya shangazi yangu haijengwi juu ya dhuluma ya mwingine.

Lini? Kwa sheria, kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Mikutano hiyo sisi vijana hatuendi, halafu Julai tunaanza kulalamika kwa simu.

Kazi ya wiki hii ni hii. Tembea kutoka nyumbani hadi steji, taratibu, kama unamsukuma mtu. Piga picha kila mahali utakaposimama. Andika mahali na tarehe. Tukusanye, tumpelekee MCA kwa maandishi, na tubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Mtume (SAW) alitufundisha kuwa kuondoa kinachodhuru njiani ni sehemu ya imani. Jiwe utaliondoa kwa mkono. Mtaro ulio wazi utauondoa kwa kuhudhuria mkutano, kuandika na kufuatilia.

Shangazi bado anangoja kwenda Ijumaa.