Yatima na Mjane Ni wa Nyumba Moja

Msikilizaji, shule za Marekani zikifunga mwezi Juni, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta huanza kupokea vijana waliovaa fulana za rangi moja, zenye aya ya Biblia mgongoni. Wanakuja misheni ya siku kumi, wengine majuma mawili. Wamechangiwa nauli na waumini wenzao, na nia yao sina sababu ya kuitilia shaka. Ninalotaka tulizungumze leo ni kule tunakowapeleka. Tunawapeleka kwenye makao ya watoto. Nasema tunawapeleka kwa sababu barua ya mwaliko huandikwa hapa kwetu, na mchungaji wa hapa.

Siku ya wageni, watoto huogeshwa mapema. Wimbo wa kukaribisha umeshafanyiwa mazoezi. Gari likisimama tu, mtoto wa miaka mitatu anamkimbilia mtu ambaye hajawahi kumwona, anamkumbatia miguu, anataka kubebwa. Mgeni anatokwa na machozi ya furaha, anaona amependwa. Wataalamu wa malezi wana jicho jingine. Mtoto wa umri huo aliyezoea mlezi mmoja huona haya mbele ya mgeni. Hujificha nyuma ya leso ya mama, akachungulia kwanza. Anayemrukia kila anayeshuka garini huenda ni mtoto aliyeachwa mara nyingi mno. Nao wageni, siku zao zikiisha, watamwacha tena. Agosti litakuja kundi jingine na gitaa jingine, naye atakimbia tena.

Kuna swali ambalo wageni hawa ni nadra kuliuliza, na sisi wenyeji mara nyingi tunajua jibu lake: mama wa mtoto huyu yuko wapi? Inakadiriwa kwamba, duniani kote, watoto 8 kati ya 10 wanaoishi katika makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Mama huyo yuko Kawangware anafulia watu nguo, au yuko kijijini anauza sukumawiki kando ya barabara. Alimpeleka mwanawe makaoni kwa sababu huko kuna uji, sare na karo. Angekuwa na vitu hivyo vitatu nyumbani, angekaa naye.

Waraka wa Yakobo, ambao makundi haya huutaja sana, unawaweka yatima na wajane pamoja. Mimi naamini kuna sababu. Baba akifa, wanaobaki ni mama na mtoto, watu wa nyumba moja. Sisi tumemchukua mtoto, tukamjengea bweni lenye bango kubwa barabarani, na mama yake tukamwacha chini ya paa linalovuja. Hilo linaniuma kama Mkristo kuliko nitakavyoweza kulieleza hapa.

Tupige hesabu kidogo. Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi kati ya Marekani na Nairobi mara nyingi hupita shilingi laki moja. Karo ya mwaka katika shule ya kitaifa ya bweni, kwa kiwango cha Wizara ya Elimu, ni shilingi 53,554. Kundi likija na watu ishirini, hesabu imalizie mwenyewe.

Lipo pia jambo zito, na wenye watoto karibu na redio mniwie radhi. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana wa Oklahoma aliyewadhulumu kingono watoto katika makao ya hapa Nairobi alikokuwa akijitolea. Mwaka 2021 mmisionari wa Pennsylvania aliyeendesha makao Bomet alifungwa zaidi ya miaka 15 kwa uovu wa aina hiyo. Wageni wengi mno hawana doa kama hilo. Hata hivyo, mtoto aliyefundishwa kumkumbatia kila mgeni hana kinga siku akija mgeni mbaya, na anayetamka jina la Yesu langoni tunaona haya kumwomba cheti cha polisi.

Serikali imeshaamka. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto katika familia. Rwanda ilitutangulia, ilipoanza kuyafunga makao yaliyokuwa na watoto zaidi ya 3,000. Kanisa ndilo lingepaswa kuwa mbele katika kazi hii, maana ndilo linalomjua mjane kwa jina na kwa mlango wa nyumba yake.

Sisemi wageni wasije. Muuguzi na aje akae na wahudumu wetu wa afya ya jamii, awaachie ujuzi. Mwalimu wa shule ya Jumapili na akutane na walimu wenzake, maana wao watabaki na watoto hao hadi wawe watu wazima.

Wachungaji mnaonisikiliza, makundi ya mwaka ujao yameanza kuwaandikia. Kabla ya kutia sahihi barua ya mwaliko, nendeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, mumuulize ni familia ngapi zilizo karibu kumpeleka mtoto makaoni kwa kukosa karo au kodi ya nyumba, na ni pesa ngapi zingemzuia asiende. Majibu hayo yatumeni Marekani ndani ya bahasha ileile.