Amehamia Kwetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa dakika kumi nizungumze juu ya lugha ya Kiingereza. Sikuja kufundisha, maana walimu wa somo hilo wapo na wananitazama. Nimekuja kukiri kosa.

Mwaka 1979 nilikuwa karani katika kampuni moja mjini Tanga, nami nilipewa nyumba ya kampuni. Mwenzangu mmoja, tuliyemaliza naye hapa kidato cha nne, alifanya kazi stoo. Yeye alipanga Ngamiani, na kwa kuwa hakuwa na nyumba ya kampuni alilipwa posho ya nyumba kila mwezi. Ikatokea akapata vyumba viwili mtaani kwangu, nyumba ya tatu kutoka yangu. Ilimpasa kuiarifu ofisi. Akaniambia, "Bwana, wewe ndiye uliyekuwa katibu wa klabu ya mdahalo. Niandikie."

Nikaandika: "I have moved in with", kisha nikaweka jina langu. Kichwani mwangu yalikuwamo maneno "amehamia kwetu", na Kiingereza kile nilikiona kizuri sana. Akatia sahihi. Mwisho wa mwezi posho haikuwamo katika mshahara, na mwezi uliofuata vilevile. Meneja wetu, ambaye hakujua Kiswahili, alisoma kilichoandikwa: kwamba jamaa huyu sasa analala ndani ya nyumba yangu, ambayo kampuni imekwisha kuilipia. Alipwe posho ya nini? Hakukosea hata kidogo.

Kiswahili chetu kina neno "kwetu", nalo ni pana kama uwanja wa mpira. Ni nyumba, ni mtaa, ni kijiji, ni mkoa. Mtu akisema "kwetu Songea" hatumwulizi namba ya nyumba. Kiingereza hakikuachii hivyo. Kinakuuliza: karibu kiasi gani? "He has moved in with us" maana yake anakula chungu kimoja nanyi. "He has moved in next door" ni nyumba inayopakana na yenu. Ikiwa ni mtaa mmoja tu, sema "He has moved into our street". Akiwa amekunja kona, "He has moved round the corner". Na kama hutaki kueleza sana, "He has moved nearby" inatosha. Lakini angalieni: ukisema "He has moved near" ukanyamaza, msikilizaji atabaki anangoja. Near nini? "Near us", "near the market". Kadhalika "neighbour" ni mtu, si mahali. Sisi husema "amehamia jirani" na mambo yakaisha. Mwingereza atasema "He is our neighbour now".

Wengi wetu husema "He has shifted". Sitawacheka, maana neno hilo kwa maana hiyo linasemwa Afrika Mashariki na India pia, na sisi kwa sisi tunaelewana vizuri. Lakini mtu wa London atafikiri habari za kusukuma kabati, au za zamu kiwandani. Yeye husema "move", au "move house". Waskoti nao wana lao, "flit", ila hilo waachieni wenyewe. Na "transferred" ni kuhamishwa na mwajiri. Ukisema jirani yako "was transferred to our street" utaulizwa ni nani aliyemhamisha.

Vijana, jambo moja zaidi, kwa sababu ya mtihani. "Amehamia hapa mwezi uliopita" ni Kiswahili safi. "He has moved here last month" si Kiingereza safi. Ukitaja wakati uliokwisha pita, andika "He moved here last month". Usipoutaja, "He has moved here".

Basi barua ile ingetosha kusema: "I have moved to a house three doors away from" na jina langu. Maneno machache tu.

Tulikwenda wote wawili kwa meneja nikaeleza kosa langu, naye akacheka, jambo ambalo mwenzangu hakulifanya. Posho ilirudishwa kuanzia mwezi wa tatu. Ile ya miezi miwili haikulipwa kamwe. Nilitaka kumlipa kutoka mfukoni mwangu. Akapokea ya mwezi mmoja, ya pili akaikataa, akasema hiyo aidai klabu ya mdahalo.

Yuko hapa leo, mstari wa pili. Sasa anacheka.