Darasa la Sheria: Mpangaji na Mwenye Nyumba Ndani ya Chama Kimoja

(Mazungumzo ya msimamizi wa darasa la sheria mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya chama)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya darasa letu la sheria, lile la Jumamosi baada ya kuweka akiba. Kwanza nieleweke. Mimi si wakili. Ni mwanachama kama nyinyi, niliyepata mafunzo ya usaidizi wa sheria, na darasa ni la bure kwa kila anayekuja. Yanayotushinda tunampelekea wakili anayejitolea kutusaidia. Maswali ya nyumba bila ardhi, kwa mfano, ambayo hapa kwetu Mombasa hayaishi, mimi siyagusi. Yana wenyewe.

Wengi mnadhani darasa lilianza kwa sababu ya kesi. Sivyo. Lilianza kwa sababu ya daftari la mikopo. Mhasibu wetu ndiye aliyeona kwamba baadhi ya mikopo iliyokwama ilikuwa ya akina mama ambao biashara zao zilikuwa zikienda vizuri. Mama amekopa, amejaza duka bidhaa, halafu asubuhi moja anakuta kufuli jipya mlangoni. Mali ndani, yeye nje, na rejesho la mkopo linamngoja. Kwa hivyo ile pesa iliyofungiwa mle ndani si yake peke yake, ni yetu sote tulioweka akiba.

Sasa hebu tuseme wazi sheria inasemaje, maana wageni wetu hawajakaa darasani. Maduka, hoteli na mikahawa katika Kenya yanalindwa na sheria iitwayo Sura ya 301. Na duka kwa maana ya sheria hiyo si la rejareja tu. Hata saluni na cherehani zimo, kwa kuwa ni kazi ya kumhudumia mtu kwa malipo. Ikiwa mlipatana kwa mdomo tu, bila karatasi, upangaji wako unalindwa. Ikiwa mliandikiana kwa muda usiozidi miaka 5, pia unalindwa. Hili huwashangaza watu kila mara. Mama anakuja amejiinamia, anasema, "Mimi sina mkataba, sina haki." Kumbe kukosa mkataba ndiko kulikomweka chini ya ulinzi wa sheria.

Mwenye nyumba akitaka utoke, au akitaka kukuongezea kodi, lazima akupe notisi kwa maandishi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, na aeleze sababu. Notisi hiyo haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi 2 tangu uipokee. Nawe una mwezi 1 wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Ukiwa hukubali, unapeleka shauri lako kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya ile tarehe ya notisi kufika. Ukikaa kimya, notisi inashika. Hapo ndipo wengi wetu huanguka. Mtu anaiweka karatasi chini ya godoro, anasema namwachia Mungu, na siku zinahesabika.

Nitawapa mfano mmoja, wa mwenzetu mwenye saluni, na ameniruhusu nisimulie bila jina. Alipata ujumbe wa simu kwamba ikifika mwisho wa mwezi atoe vitu vyake. Mistari miwili tu. Alikuja darasani akiwa tayari ametafuta mkokoteni! Tulikaa naye, akaandika barua yake mwenyewe, kwa mkono wake, akaweka nakala, akapeleka shauri Barazani. Siku ya kusikilizwa alisimama peke yake. Baraza likasema ujumbe ule si notisi ya kisheria, akabaki. Akina mama wakapiga vigelegele. Lakini hadithi haikuishia hapo, na mimi napenda isimuliwe yote. Baadaye mwenye nyumba alileta notisi iliyo sawa, kwamba anataka kuibomoa nyumba aijenge upya, na hiyo ni sababu ambayo sheria inaikubali. Mwenzetu akatoka. Ila alitoka baada ya kupata mahali pengine, akahama na vioo vyake, viti vyake na wateja wake, na mkopo wa chama akaulipa hadi shilingi ya mwisho. Sheria haikumpa ile saluni. Ilimpa nafasi ya kujipanga.

Na kuna wale ambao darasa haliwezi kuwafaa kitu. Ukiwa na deni la kodi la miezi 2 na zaidi, au kila mwezi wewe ni wa kusukumwa, hiyo yenyewe ni sababu ya kukutoa. Tumewaambia wenzetu wawili watatu maneno hayo usoni, wakakasirika. Nadhani ni bora mtu akasirike darasani kuliko kupoteza nauli na siku za kazi akifuata shauri ambalo jibu lake linajulikana.

Kusimama mbele ya hakimu bila wakili kuna kazi yake. Darasani huwa tunacheza: mmoja hakimu, mmoja mwenye nyumba, mmoja karani. Mara ya kwanza kila mtu huanza hadithi tangu siku ya harusi yake. Mwingine hulia. Mwingine humgeukia mwenye nyumba wakaanza kutupiana maneno, ikabidi hakimu wetu, ambaye ni mama wa samaki, agonge meza kwa sufuria. Basi tunafundishana mpango: mimi ni nani, nilipanga lini, nalipa kiasi gani, kumetokea nini na tarehe gani, karatasi yangu ni hii, ninaomba hiki. Kisha unanyamaza. Hakimu hakujui wala hajui unavyosali. Anachokijua ni kile ulichomwekea mezani.

Katika nyumba za kukaa, tatizo kubwa limekuwa dipoziti. Mtu amehama vizuri, amefagia, amerudisha ufunguo, na pesa yake harudishiwi. Hapo tunasaidiwa na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Lakini nani alipokea pesa? Wengi wetu tunalipa kwa M-Pesa, na nambari ni ya yule kijana anayeangalia nyumba, si ya mwenye nyumba. Kijana akiondoka, mwenye nyumba anasema sikuona kitu. Kwa hivyo kabla ya kutuma hata senti, omba maandishi kwamba nambari hii ndiyo ya kulipia kodi. Na kwenye zile meza za nje ya mahakama, ambako mtu hajulikani jina wala ofisi anakuahidi kukuandikia kesi kwa pesa kidogo, tafadhali piteni.

Sasa nifike kwenye neno ambalo baadhi yenu mmekuwa mkininong'onezea. Chama hiki kimetimiza miaka kumi, na katika miaka hiyo wako waliotoka kupanga wakajenga. Mashaallah. Leo tuna wanachama wenye vyumba vitatu, wengine sita, na wako wanachama wanaopanga kwa wanachama wenzao. Mwaka jana ikasemwa kwamba darasa linawachochea wapangaji, na kwamba chama hakifai kutumia hata chaki yake kwa kazi hiyo. Nililichukua neno hilo kwa uzito, kwa sababu aliyelisema ana haki ya kodi yake kama mimi nilivyo na haki ya akiba yangu.

Jibu langu ni hili. Sura ya 301 inamtaka mwenye nyumba, naye si mpangaji, aweke kitabu cha kodi chenye kila malipo na kila matengenezo, na ampe mpangaji nakala. Ni wangapi humu wenye fremu za duka mmekiweka? Nimeuliza, na mikono niliyoiona naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na kwa vyumba vya kukaa, panapolipwa kwa mwezi bila muda kuandikwa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi 1, kutoka upande wowote. Maana yake hata mpangaji hawezi kuhama usiku akakuachia umeme haujalipwa. Mwenzetu mmoja mwenye vyumba Kisauni alikuja darasani kuja kutusuta, akabaki, na sasa ndiye anayetufundisha kuandika risiti.

Mwenye nyumba aliyefunga mlango kwa kufuli la haraka naye hupelekwa Barazani, hutumia pesa, na mwisho huambiwa afungue. Akiwa ni mwanachama na aliyefungiwa ni mwanachama, chama ndicho kinachopasuka, na tumewahi kulikaribia hilo mara moja. Kwa sababu hiyo naiomba kamati mambo mawili tu. Darasa libaki wazi kwa wasio wanachama, kama lilivyo. Na mwanachama yeyote anayeomba mkopo wa kujenga vyumba vya kupangisha, au fremu za duka, aonyeshe kwanza kitabu chake cha kodi.

Jumamosi ijayo tutaanza saa tisa alasiri, mhasibu akishafunga daftari. Wapangaji njooni na risiti zenu hata kama zimechanika, na simu zenye ujumbe wa malipo, msizifute. Wenye nyumba njooni na vitabu. Asiye nacho anunue daftari la kawaida la mistari, tutamwonyesha jinsi ya kulichora.