Fundi, Mwanagenzi na Mlango wa Nakshi
Hotuba kwa wakazi wa Shimanzi



Ukitoka Fort Jesus ukaingia Ndia Kuu, utakutana na milango ya nakshi ambayo wageni hawachoki kuipiga picha. Swali wasilouliza ni hili: mwimo mmoja ukioza leo, nani atachonga mwingine ulingane na ule wa zamani?

Kazi hiyo haisomwi kitabuni. Mwanagenzi huanza kwa kufagia vumbi la mbao na kunoa patasi. Baadaye hupewa kuchonga ukingo wa mnyororo, kwa kuwa unajirudia na kosa huonekana upesi. Maua ya kizingiti, na yale ya mfaa, ule mti wa katikati unaopigiliwa kwenye bawa moja la mlango, fundi hamwachii mpaka auamini mkono wake. Mti una nyuzi zake, na patasi ikienda kinyume cha nyuzi hizo, ua la siku mbili hubanduka kwa pigo moja. Video ya simu itakuonyesha mchoro, lakini haitakushika mkono kabla hujapiga nyundo.

Husemwa kuwa vijana wamedharau kazi za wazee. Maneno hayo hayawatendei haki. Kijana wa Shimanzi akipata kibarua cha kupakua magunia ghalani, jioni anarudi nyumbani na pesa mkononi. Kwa fundi, mwanzoni, akibahatika hupata chakula cha mchana na nauli. Kodi ya nyumba haingoji ajue kuchonga. Na akivumilia miaka yote hiyo, mara nyingi hutoka bila hata karatasi ya kumwonyesha mwajiri.

Mfano wa ufundi uliopona hauko mbali. Uchongaji wa vinyago vya kuuza miongoni mwa Wakamba unahusishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu. Alijifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi kwao na ufundi huo. Ukapita kwa jamaa na majirani, mkono kwa mkono, hadi ukafika Mombasa. Mwaka 1963 wachongaji wakaunda chama chao cha ushirika hapa Changamwe. Chama kilipata wanunuzi, na palipo na mnunuzi mwanagenzi hula. Hilo ndilo linalokosekana kwenye nakshi za milango, kuliko heshima na sifa ambazo zipo tele.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitaka kila kaunti iwe na daftari la maarifa hayo. Wakazi wana haki ya kuulizia daftari hilo, na mafundi wana haki ya kutaka ufundi wao uandikwe humo.

Kuhusu karatasi, aliyejifunza useremala kwa fundi anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Mtihani hupima anachokiweza kwa mikono. Wasichana pia wanaruhusiwa, ingawa karakana nyingi bado huwatazama kama waliopotea njia.

Mzazi anayemjua fundi anayepokea wanafunzi asimtume kijana peke yake. Aende naye karakana, waulizane mafunzo ni ya muda gani, chakula na nauli ni juu ya nani, na ni lini kijana ataanza kulipwa kwa kazi anayochonga. Wayaandike, watie sahihi, na nakala moja ikae kwa mzee wa mtaa.